Hataza ya seli ya mafuta inayoondoa gesi majini: Munich, Alexandria au Harare?

Kabla hujafungua tovuti ya ofisi yoyote ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, fungua daftari lako la maabara. Umeunda mfumo wa seli ya mafuta wenye kifaa cha kuondoa gesi kwenye maji, na sasa unajiuliza uupeleke wapi ukachunguzwe. Wavumbuzi wengi ninaowafahamu huanza kwa kuulizia ada. Ada ni jambo la kweli na nitalifikia, lakini miaka niliyokaa nikisoma majalada ya uchunguzi wa hataza za aina hii, ambayo ofisi kubwa zimeyaacha wazi kwa yeyote kuyasoma, imenionyesha kwamba hatima ya ombi huamuliwa na mambo mawili ya mapema zaidi: nani amekwishakiona kifaa chako, na ulipima nini kabla ya siku ya kuwasilisha.

Nalinganisha hapa njia tatu. Ya kwanza ni Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ambayo makao yake makuu yako Munich. Ya pili ni ofisi ya Marekani iliyoko Alexandria, Virginia. Ya tatu ni ARIPO ya Harare, shirika la kikanda ambalo ombi lake moja laweza kuzifikia Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na nchi nyingine wanachama. Tokyo, yaani ofisi ya Japani, nitaipitia kwa haraka, ingawa hatuwezi kuiruka.

Tuanze na maji yenyewe, maana humo ndimo uvumbuzi ulimo

Seli ya mafuta huunganisha haidrojeni na oksijeni, ikatoa umeme, joto na maji. Maji hayo hayamwagwi. Hupoza mrundo wa seli, hulowesha utando, na katika mitambo inayozalisha haidrojeni kutokana na gesi asilia hugeuzwa mvuke na kurudishwa kazini. Ila yanapokusanyika kwenye kondensa, kifaa kinachopoza mvuke ukawa maji, huwa yamekwishabeba gesi, kama soda ilivyobeba gesi chupani kabla hujaing'oa kizibo.

Tazama vipimo. Maji ya nyuzi 25 yakikaa chini ya kaboni dayoksaidi tupu kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, lita moja hubeba takriban gramu 1.5 za gesi hiyo. Maji hayohayo yakiachwa yapigwe na hewa ya nje, ambamo kaboni dayoksaidi ni kama asilimia 0.04 tu, kinachobaki hakifiki miligramu moja. Kwa hiyo ukipitisha hewa kwenye maji ya kondensa, gesi inatoka yenyewe. Usipoitoa, sehemu yake inageuka ayoni, na resini iliyowekwa kunasa chumvi na chembe za metali inaanza kunasa hizo badala yake. Resini inachoka mapema, fundi anaitwa kabla ya wakati wake, na mteja anaanza kuuona mtambo wako kuwa msumbufu.

Haidrojeni ina shida ya namna nyingine. Lita ya maji haibebi hata miligramu mbili, lakini kiasi hicho kikitoka kidogokidogo ndani ya tangi lililofungwa kinakusanyika juu, na hewa yenye haidrojeni kuanzia asilimia 4 inaweza kuwaka. Isitoshe, mapovu yakiingia kwenye pampu yanaipunguzia nguvu na kuila.

Haya yamejulikana tangu zamani. Wanaanga wa Apollo walikunywa maji yaliyotoka kwenye seli za mafuta za chombo chao, na walilalamikia gesi ya haidrojeni iliyokuwa ikiwajaza tumbo. Baadaye katika vyombo vya Space Shuttle maji yalipitishwa kwenye mirija ya aloi ya fedha na paladi ili haidrojeni ijitenge. Nayataja kwa sababu mtahini wako, yaani afisa wa ofisi ya hataza atakayelichunguza ombi, anayajua, au atayajua ndani ya nusu saa ya kutafuta. Ukiandika kwamba wewe ndiye wa kwanza kutoa gesi kwenye maji ya seli ya mafuta, ombi limekufa likiwa mezani.

Dai moja, watahini wawili

Dai ni sentensi ya ombi inayoweka mipaka ya kile unachotaka kilindwe. Chukua hili, ambalo ndilo karibu kila mtu huanza nalo:

"Mfumo wa seli ya mafuta wenye mrundo wa seli, kondensa inayokusanya maji kutokana na gesi zinazotoka, kichujio cha resini kinachosafisha maji hayo, na kiondoa gesi kilichowekwa kati ya kondensa na kichujio."

Mtahini atakuja na waraka wa kwanza, yaani chapisho la zamani linaloonyesha kilichokwishajulikana, na usishangae ukiwa wa Kijapani. Tangu mwaka 2009 Japani imekuwa ikiuza mitambo ya nyumbani iitwayo Ene-Farm, inayotumia gesi ya mjini, kukusanya maji yake na kuyasafisha, na kampuni za huko zimeandikisha hataza kwa wingi katika uwanja huo. Waraka huo utakuwa na kila kitu isipokuwa kiondoa gesi. Waraka wa pili utatoka kwenye fani ya kusafisha maji ya viwandani, ambako mnara wa kutoa kaboni dayoksaidi huwekwa kabla ya resini ya anayoni, ile inayonasa ayoni hasi, ili kuipunguzia mzigo. Hilo limo hata kwenye vitabu vya wanafunzi.

Munich na Alexandria zote mbili zitalikataa dai hili. Namna zinavyolikataa ndiyo inayokuonyesha ni wapi utaweza kujitetea.

Munich uamuzi ni wa kitengo cha watahini, kwa kawaida watatu, na wanafuata ngazi isiyobadilika. Wanachagua waraka ulio karibu zaidi na dai lako. Wanauliza tofauti ni ipi. Kisha wanauliza tofauti hiyo inaleta athari gani ya kiufundi, na kutokana na athari hiyo wanaunda tatizo ambalo mjuzi wa fani, yaani fundi wa kawaida wa uwanja huo, angekuwa anajaribu kulitatua. Swali la mwisho ni kama mjuzi huyo angefanya hivyo, si kama angeweza tu. Kwa dai letu, athari ni resini kudumu, tatizo ni namna ya kuifanya idumu, na waraka wa pili unatoa jibu waziwazi. Basi.

Alexandria unakutana na mtahini mmoja, ambaye kama bado mgeni kazini barua zake hutiwa saini na mkubwa wake. Yeye anatafuta sababu ya kuunganisha nyaraka mbili. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2007 katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, iliyohusu kanyagio la mafuta la gari lililofungwa kihisi, sababu hiyo haihitaji kuandikwa kwenye waraka wowote. Akili ya kawaida ya fundi inatosha. Mtahini ataandika kwamba vifaa vyote vinajulikana, kila kimoja kinafanya kazi yake ileile, na matokeo yalitarajiwa.

Sasa rudi kwenye daftari. Tuseme ulichogundua kwa kweli ni kwamba kiondoa gesi kikipulizwa na hewa iliyotoka kathodi, upande wa seli unaotumia oksijeni, badala ya hewa ya nje, unapata faida mbili kwa mpigo. Hewa ya kathodi ina kaboni dayoksaidi kidogo, kwa hiyo inavuta gesi kwenye maji. Papo hapo imekwishashiba unyevu na ni ya moto, kwa hiyo haiondoki na maji yako wala haiyapozi. Mtambo unabaki na maji yake yote. Hilo fundi wa mitambo ya kusafisha maji hakuwa na haja ya kulifikiria, kwa kuwa kiwandani maji ni ya bomba na hakuna kathodi.

Hapo Munich inakuwa mahali pazuri sana kwako, mradi umeandika. Kama siku ya kuwasilisha ulieleza kwamba faida ya hewa ya kathodi ni kubakiza maji, na ukaweka jedwali la vipimo hata kama ni dogo, kitengo kitalazimika kuunda tatizo juu ya athari hiyo: namna ya kutoa gesi bila kupoteza maji. Waraka wa mnara wa kiwandani haulijibu swali hilo. Nimeona maombi ya vifaa vya kawaida kabisa yakipita Munich kwa aya moja iliyosema kwa nini, ikifuatwa na namba nne.

Usipoandika, hali ni nyingine. Machi 2023 Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Ulaya, katika uamuzi G 2/21, ilieleza kwamba ushahidi wa baadaye unaweza kuletwa kuthibitisha athari, lakini athari yenyewe lazima mjuzi wa fani aweze kuiona kwamba imo katika mafundisho ya ombi la awali. Yaani vipimo vinaweza kufuata nyuma, wazo haliwezi. Alexandria wana mkono mwepesi zaidi hapa. Utaapa hati ya maelezo, utaambatisha vipimo vipya vinavyoonyesha matokeo yasiyotarajiwa, na mtahini atavipima pamoja na mengine, alimradi vinaendana na upana wa dai lako.

Nyuzi 65 zisizohama peke yake

Kuna jambo moja la Munich linalowaumiza watu wetu kuliko yote, nalo ni katazo la kuongeza jambo jipya baada ya kuwasilisha. Nalieleza kwa mfano.

Maelezo yako yana jaribio moja: hewa ya kathodi nyuzi 65, mtiririko lita 40 kwa dakika, safu ya vipande vya plastiki yenye kimo cha sentimita 30. Mtahini ameleta waraka mpya, unataka kulibana dai. Unaandika "hewa ya nyuzi 60 hadi 70". Linakataliwa, kwa sababu 60 na 70 hazimo popote. Unaandika "nyuzi 65". Nalo linakataliwa, kwa sababu katika ombi lako nyuzi 65 zilikuja pamoja na lita 40 na sentimita 30, na hukusema popote kwamba zinaweza kusimama peke yake. Ukiyaingiza yote matatu dai linapita, lakini mshindani wako atatumia safu ya sentimita 35 na kukupungia mkono. Kipimo chao ni kile ambacho mjuzi wa fani anaweza kukisoma moja kwa moja na bila utata katika ombi la awali, na kama hukiandiki hawakukisii.

Alexandria nako wanadai kwamba maelezo yaonyeshe kuwa ulikuwa na uvumbuzi huo mkononi, lakini kwa mfano kama huu "nyuzi 65" mara nyingi itasimama. Tena mlango haufungwi upesi. Ukipata katalio la mwisho unaweza kulipa na kuomba uchunguzi uendelee, na unaweza kumpigia mtahini simu mkazungumza. Mazungumzo hayo nayathamini sana. Nusu saa ya kueleza kwa nini hewa yenye unyevu haikaushi tangi inaokoa barua mbili.

Kwa hiyo anayetaka Munich aandike kwa ngazi: "nyuzi 50 hadi 80, afadhali 60 hadi 70, hasa 65", na aseme wazi kwamba kila kipimo kinaweza kutumika bila vingine. Ni kazi ya jioni moja. Wino wa jioni hiyo ni rahisi kuliko miaka mitatu ya kubishana.

Lakini Alexandria ina mitego yake. Ukiandika "njia ya kuondoa gesi" kwa kueleza kazi tu bila umbo, mtahini anaweza kulisoma dai kuwa limefungwa kwenye umbo lile ulilochora na yanayolingana nalo, wakati Munich maneno hayohayo yatasomwa kwa upana, kifaa chochote kinachofaa. Kila kitu kilichomo kwenye dai lazima kionekane kwenye michoro. Kiondoa gesi kisichochorwa kitakurudishia karatasi. Ukikiri kwenye utangulizi kwamba kitu fulani "kinajulikana", ungamo hilo linaweza kutumika dhidi yako, ilhali Munich wao hukutaka uutaje waraka wa awali kwa jina. Na una wajibu wa kuipelekea ofisi ya Marekani kila waraka muhimu unaoujua, ukiwemo ule uliotajwa na mtahini wa nchi nyingine. Kuficha kunaweza kuiua hataza hata baada ya kutolewa.

Bango la maonyesho

Kijana mmoja mhandisi alinijia na chupa mbili za maji ya kondensa, moja kabla ya kiondoa gesi na moja baada yake. Akazitikisa mbele yangu. Ya kwanza ilitoa mapovu madogo kama ya soda iliyokaa wazi usiku kucha. Ya pili ilitulia tuli. Alikuwa na vipimo vya wiki sita, vimeandikwa kwa kalamu, tarehe kwa tarehe. Nilifurahi kwa dhati. Kisha akanionyesha picha ya tuzo aliyopata kwenye maonyesho ya wanafunzi miezi minane nyuma, na nyuma yake bango lenye mchoro mzima wa mfumo, mabomba na mishale.

"Mwalimu, hata bango nalo linahesabiwa?"

"Linahesabiwa, mwanangu. Hata kama aliyelisoma ni mmoja."

Munich mlango ulikuwa umefungwa kwa kile kilichokuwa kwenye bango. Ulaya mvumbuzi akitangaza mwenyewe kabla ya kuwasilisha amejiharibia upya wa uvumbuzi wake. Msamaha wa miezi sita uliopo ni kwa aliyeibiwa siri au aliyeonyesha kwenye maonyesho rasmi ya kimataifa ya aina mahsusi, na ya wanafunzi hayamo. Alexandria alikuwa amebakiwa na miezi minne, kwa kuwa sheria ya Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 tangu atangaze mwenyewe. Hakuwa na haja ya kulinganisha kitu kingine chochote. Bango lilikuwa limeshamchagulia.

Niliumia kwa ajili yake, na hadi leo nikialikwa kuzungumza na wanafunzi wa uhandisi naanzia hapo. Waliomwandalia maonyesho walikuwa na nia njema. Hawakumwambia tu.

Harare, Nairobi na soko letu

ARIPO haipaswi kuwa jambo la kufikiriwa mwishoni. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 unawasilisha ombi moja, kwa Kiingereza, unataja nchi unazozitaka, na uchunguzi unafanywa Harare. Ofisi ikiamua kutoa hataza, nchi zilizotajwa zina miezi sita ya kusema kwamba kwao haitakuwa na nguvu. Kwa mtu anayetaka kuuza mitambo kwenye minara ya simu au vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika, ulinzi wa Kenya, Uganda na Tanzania una maana kuliko cheti cha Ulaya cha kutundika ukutani. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, na watakaokuja kuwekeza wataulizia haki zako za hapa.

Udhaifu wake kwa mada hii ni kwamba seli za mafuta zimetungiwa nyaraka nyingi mno Ulaya, Marekani na Japani, na matokeo ya utafutaji wa Munich yakishatoka yanaweza kusomwa na ofisi yoyote. Usitarajie kwamba dai lililoanguka huko litasimama kwingine kwa sababu ya umbali.

Ipo pia njia ambayo wengi huisahau. Taasisi ya Mali za Viwandani ya Kenya, KIPI, chini ya sheria ya mwaka 2001 hutoa hati za modeli ya matumizi, ambazo hudumu miaka 10 na hazidai hatua ya uvumbuzi, yaani wazo lisilo dhahiri kwa mjuzi wa fani, bali upya na kufaa viwandani. Lile dai letu la kwanza lililoanguka, kama kweli hakuna waraka mmoja wenye vipengele vyake vyote, linaweza kupata makao hapo. Si ulinzi wa kimataifa, lakini kwa karakana inayounda mitambo midogo ya soko la ndani, miaka 10 ni mingi.

Fedha na saa

Mtu binafsi ambaye ni raia na mkazi wa Tanzania, Kenya au Uganda anapata punguzo la asilimia 90 la ada ya kimataifa ya PCT, mfumo wa kuwasilisha ombi moja la kimataifa kabla ya kuingia nchi mojamoja. Ofisi ya Ulaya ikifanya utafutaji wa nyaraka za awali kwa ombi hilo, humpunguzia asilimia 75 ya ada ya utafutaji. Haya ni miongoni mwa mapunguzo makubwa kuliko yote katika safari nzima, na naona wengi wakiyapita kwa kutoyajua. Alexandria kuna punguzo la asilimia 60 kwa mwombaji mdogo na 80 kwa mdogo kabisa, mwenye kipato chini ya kikomo na maombi machache. Munich, tangu Aprili 2024, watu binafsi na kampuni ndogo sana hupunguziwa asilimia 30 ya ada kuu.

Kinachowashangaza watu ni ada za kila mwaka. Munich huanza kuzidai mwaka wa tatu hata kama ombi bado linachunguzwa. Alexandria hawadai chochote cha aina hiyo hadi hataza itoke, kisha wanadai mara tatu: miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa. ARIPO ada za mwaka huhesabiwa kwa kila nchi uliyoitaja, basi usizitaje zote kwa furaha ya siku ya kwanza. Munich pia utahitaji wakili wa hataza wa Ulaya kama huna makazi wala biashara huko, na hataza ikitoka utachagua nchi mojamoja au ile hataza ya umoja, moja kwa nchi kadhaa za Ulaya, iliyoanza Juni 2023. Kwa miezi tisa tangu itolewe, yeyote anaweza kuipinga. Washindani wakubwa wa seli za mafuta hufuatilia; jiandae kwa hilo kama dai lako ni la thamani.

Kwa upande wa muda, Munich inakupa mapema kitu cha kushika: ripoti ya utafutaji pamoja na maoni ya maandishi, kabla hujamwaga fedha za uchunguzi. Alexandria mara nyingi utangoja zaidi ya mwaka kabla ya barua ya kwanza, ila ukilipia njia ya haraka lengo lao ni kumaliza ndani ya miezi 12.

Tokyo nitasema hivi tu: unaweza kungoja hadi miaka mitatu kabla ya kuomba uchunguzi, tafsiri ni ghali, na wenyeji wana nguvu. Januari 2015 Toyota ilitangaza kuziachia bure hataza zake zipatazo 5,680 za seli za mafuta, wengine wazitumie. Isome idadi hiyo kwa makini, maana ndiyo maktaba ambayo mtahini wako atatafuta humo, uwe umewasilisha Munich au Harare.

Ningechagua vipi

Hujaonyesha mtu, na daftari lina vipimo vinavyosema kwa nini hewa ya kathodi: anza na PCT, na kama ofisi unayoanzia inaruhusu, mchague Munich awe mtafutaji. Utapata maoni makali kwa bei ndogo, na utakuwa na hadi miezi 30 tangu tarehe ya ombi lako la kwanza kuingia Marekani, 31 kuingia Ulaya na ARIPO. Munich ikiona madai yako yanafaa, unaweza kuitumia barua hiyo kuomba Alexandria waliharakishe ombi lako, kwa kuwa ofisi hizi zina mpango wa pamoja wa namna hiyo. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa uvumbuzi wa aina hii, kwa sababu nguvu yake iko kwenye athari, na Munich ndiko athari inakopewa uzito kamili.

Umekwishaonyesha, bado ndani ya mwaka: Alexandria, leo. Ombi la muda la Marekani ni rahisi na linakuwekea tarehe kwa miezi 12, lakini liandike kwa ukamilifu uleule. Karatasi mbili zilizopelekwa mbiombio hukupa tarehe ya karatasi mbili, na kama kuna sehemu hukuionyesha kwenye bango na bado unaitarajia Ulaya, Munich haitakubali tarehe hiyo kwa kitu ambacho hakikuandikwa humo.

Una wazo zuri bila vipimo: usikimbilie kokote. Nunua kipima upitishaji umeme cha maji, kiweke kabla na baada ya kiondoa gesi, endesha mtambo wiki nne kwa hewa ya nje na wiki nne kwa hewa ya kathodi, pima na kimo cha maji tangini kila asubuhi. Washindani wapo, nafahamu hofu hiyo, lakini miezi miwili ya kimya ni salama kuliko ombi tupu litakalochapishwa miezi 18 baadaye na kugeuka kuwa waraka wa kukukatalia wewe mwenyewe.

Wakati mtambo unaendelea kuvuma, ingia Espacenet, hifadhidata ya hataza ya Ofisi ya Ulaya, ambako kutafuta ni bure. Tafuta kwa namba za uainishaji wa hataza: H01M 8/04044, ambamo huwekwa nyaraka za kusafisha maji ya kupoza seli, na H01M 8/04156, za kuondoa maji yanayozalishwa. Zikutanishe na B01D 19/00 na C02F 1/20, ambamo kuna kila namna ya kuondoa gesi kwenye vimiminika na maji. Soma michoro kwanza, fuata bomba la hewa ya kathodi kwa kidole, uone linaishia wapi.